Naomba ushauri: TDP-43 ya binadamu haishiki RNA, na nikiikata MBP inageuka kama maziwa

Mshika Pipeti:
Habari za kazi, wakuu. Ninasoma shahada ya uzamili katika baiolojia ya molekuli, na utafiti wangu unahitaji protini ya TDP-43 ya binadamu, ile ambayo mwaka 2006 ilibainika kuwa ndiyo inayorundikana katika seli za neva za wagonjwa wengi wa ALS, ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli. Ninaizalisha ndani ya bakteria wa E. coli kwa nyuzi joto 16 usiku kucha, ikiwa imeunganishwa na MBP (protini ya kuisaidia iyeyuke) pamoja na mkia wa histidini unaonata kwenye nikeli, kisha ninaisafisha kwa safu ya nikeli. Kwenye jeli ninaona mstari mmoja mnene karibu na kilodaltoni 90, kama inavyotarajiwa. Hata hivyo, uwiano wa ufyonzaji wa mwanga wa nanomita 260 kwa 280 ni 1.3, na nikiichanganya na RNA fupi yenye UG (herufi U na G za RNA) zinazojirudia, haishiki karibu chochote. Tena, nikitia kimeng'enya cha TEV ili kuondoa MBP, myeyusho uliokuwa angavu unageuka mweupe. Msimamizi wangu anapendekeza tununue iliyo tayari, lakini bei ni kubwa, nami ningependa kwanza kuelewa tatizo liko wapi.

Fundi Safu:
Pole kwa kazi, ndugu. Jibu la swali lako la kwanza limo katika huo uwiano. Protini safi husoma karibu na 0.6, kwa hiyo 1.3 inaonyesha kwamba umebeba RNA au DNA ya bakteria, na kwa kuwa protini hii kazi yake ni kushika RNA, inaelekea nafasi zake zimekwisha kujaa kabla hujailetea ya kwako. Jeli haiwezi kukuonyesha hilo, maana rangi tunayoitumia hupaka protini tu. Protini ikiwa bado imeshikilia kwenye safu ya nikeli, ioshe kwa bafa yenye chumvi ya mola 1 na usiharakishe, kisha rudi kwenye chumvi ya kawaida ndipo uitoe kwa imidazoli, kemikali inayoibandua kwenye nikeli. Uwiano ukikataa kushuka, ipitishe kwenye safu ya heparini, ambayo husaidia kuitenganisha na RNA na DNA. Angalia pia DTT yako (kemikali ya kuzuia protini isioksidike): ikizidi, resini ya nikeli hugeuka kahawia na kuanza kupoteza nikeli, kwa hiyo katika hatua hiyo TCEP, yenye kazi hiyohiyo, ni salama zaidi.

Mwanajeni:
Kwa nini asitie RNase A, kimeng'enya kinachokata RNA, wakati wa kupasua seli? Ni rahisi, na RNA yote ya bakteria itakatwakatwa.

Fundi Safu:
Mkuu, kwa jaribio la aina nyingine ningekubali. RNase A ni kimeng'enya sugu mno, na masalia yake machache yakifika kwenye mrija wa mwisho yataikata RNA ya mwenzetu, naye atadhani kwamba protini haishiki. Kwa jaribio la kushika RNA mimi siitumii kabisa.

Dada wa Biokemia:
Nami niongezee kuhusu huo weupe. TDP-43 ina asidi amino 414, na kipande chake cha mwisho, kuanzia karibu na ya 274, kina glisini nyingi na hupenda kujikusanya chenyewe. Humo ndimo yalimo mabadiliko mengi ya kijeni yanayohusishwa na ALS. MBP ndiyo inayoizuia isijikusanye, kwa hiyo ukiiondoa, unachokiona ni tabia ya protini yenyewe wala si uzembe wako. Swali langu kwako ni hili: unachunguza ushikaji wa RNA au mrundikano? Kama ni ushikaji, tengeneza kipande cha 102 hadi 269 chenye sehemu zote mbili za RRM (zile zinazoshika RNA), ambacho huyeyuka vizuri na bado huitambua UG. Kama ni mrundikano, usikate mapema: acha MBP hadi siku ya jaribio, uitie TEV ndani ya mrija uleule unaoupima, na uweke mrija wa pili wenye MBP peke yake ili kulinganisha.

Mshika Pipeti:
Asanteni sana. Ni ushikaji, kwa hiyo nitaanza na kipande hicho. Je, tukilazimika kununua, niulize nini?

Dada wa Biokemia:
Uliza ni protini nzima au kipande, ina kiambatishi gani (kama MBP au mkia wa histidini), na imezalishwa katika seli gani, kwa sababu ya E. coli haitakuwa na fosfati kama zile zinazopatikana kwa wagonjwa kwenye serini 409 na 410. Usiridhike na picha ya jeli pekee. Omba uwiano wa 260 kwa 280 na ushahidi kwamba protini imejaribiwa kwa RNA. Ikifika kwenye barafu kavu, igawe katika mirija midogo na uiweke kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri siku hiyohiyo, kwani kuigandisha na kuiyeyusha mara kwa mara huiharibu. Na iwe ya kununua au ya kwako, ipime pia kwa RNA isiyo na UG, kwa sababu ikishika zote mbili kwa nguvu sawa, matokeo yako bado hayajathibitisha lolote kuhusu UG.