Mbwa jike amezaa saba, mmoja hanyonyi na siafu wameanza kuzunguka walipolala

Mama Dagaa Kibirizi:

Wakuu habari za asubuhi. Nipo Gungu, Kigoma. Nina jike wangu Chausiku, mbwa wa kienyeji, na huu ndio uzao wake wa kwanza. Kazaa juzi usiku mvua ikimwagika, chini ya kichanja cha vyombo uani. Saba, wote wazima, ila mmoja ni mdogo kuliko wenzake. Nikimweka kwenye chuchu anaachia, na nikimshika tumbo ni la baridi.

Chausiku mwenyewe jana kutwa hakugusa chakula, ni maji tu. Nyuma anatokwa na ute wa kijani uliokolea, unakaribia weusi, na mume wangu anasema huyo kaoza tumbo. Jirani ananishauri yule mdogo nimpe maziwa ya ng'ombe kwa bomba la sindano. Kubwa zaidi, leo alfajiri nimekuta mstari wa siafu hatua chache tu kutoka alipolala. Nimewamwagia majivu ya moto wakageuza njia, lakini siafu nawajua, watarudi.

Mimi saa kumi na moja alfajiri huwa mwaloni napokea mzigo wa dagaa, siwezi kukesha naye. Mwenye uzoefu anisaidie. Wale wa "mtupe tu huyo mdogo" naomba wapite kimya.

Kijana wa Ujiji:

Pole mama. Bibi yangu alikuwa anasema mtoto wa mbwa akishikwa na mtu, mama yake anamkataa au anamla. Usiwashike tena.

Mzee wa Mwandiga:

Kijana, bibi yako nampa heshima yake, ila kwa mbwa aliyezoea mikono ya mwenye nyumba hilo halipo. Mbwa anayeua watoto wake mara nyingi ni mwenye woga, kila saa kuna sura mpya inachungulia. Kwa hiyo mama, washike wewe. Watoto wa mtaa wanaotaka kuja kuangalia waambie warudi mwezi ujao. Na mumeo akiungurumiwa asimchape mbwa.

Tuanze na yule mdogo, maana huyo ndiye wa leo. Usimtie kitu chochote mdomoni akiwa bado wa baridi. Mtoto aliyepoa tumbo lake halisagi maziwa, yanalala humo yanachacha, na mengine yanaingia mapafuni. Wiki mbili za mwanzo mtoto wa mbwa hajiwezi kwa joto, hata kutetemeka hajui, anategemea mwili wa mama na wenzake. Mfunge kifuani kwako ndani ya khanga, ngozi kwa ngozi, ukiendelea na shughuli zako. Usimsogeze motoni, apate joto taratibu. Akianza kujinyonganyonga na kutafuta kwa mdomo, mpeleke kwenye chuchu za nyuma, kwa kawaida ndizo zenye maziwa mengi. Minya kidogo tone litokeze, mfungulie mdomo, mshikilie hapohapo. Wale vibonge waondoe pembeni kwanza, hawatakufa kwa dakika kumi. Rudia kila baada ya saa mbili hivi, na usiku umpe zamu mtu wa nyumbani.

Maziwa ya ng'ombe matupu hapana. Maziwa ya mbwa yana mafuta kama asilimia 9, ya ng'ombe hayafiki hata nusu ya hapo, na protini nayo ni pungufu mno. Kilichozidi kwa ng'ombe ni sukari ya maziwa, ambayo itamharisha. Ukikwama kabisa, chukua maziwa yaliyochemshwa, yaache yawe vuguvugu, ukorogee kiini cha yai, umpe tone kwa tone tumbo likiwa chini kama anavyonyonya kwa mama yake. Kumlaza chali kama mtoto wa binadamu ndiko kunakowapalia. Hiyo ni ya kuvukia siku moja mbili tu, huku ukiulizia maziwa ya unga ya watoto wa mbwa kwenye maduka ya dawa za mifugo. Akishakula, mpanguse huku chini kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu mpaka akojoe. Kwa umri huu hawezi kujisaidia mwenyewe, ndiyo kazi ya ulimi wa mama yake.

Wewe unauza dagaa, mizani huikosi. Kama ipo inayosoma gramu, weka mtoto kwenye bakuli umpime kila siku saa ileile, uandike. Uzito unapaswa kupanda kila siku, na kati ya siku ya 7 na ya 10 awe amefika mara mbili ya uzito wa kuzaliwa. Asiyeongezeka kwa siku nzima ana shida hata kama anaonekana mchangamfu. Mizani hukuambia mapema kuliko macho.

Mwambie mumeo huo ukijani ni rangi ya kondo la nyuma, siku ya kwanza na ya pili ni kawaida kabisa. Baadaye utakuwa wa kahawia wenye wekundu, unapungua polepole kwa wiki tatu nne. Ukianza kunuka vibaya, ukawa kama usaha, au damu mbichi ikatiririka, muite daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Kama una kipimajoto, jike aliyezaa anaweza kupanda kidogo mpaka 39 na pointi, ila ikipita 39.5 na hataki kula, usingoje kesho. Kila jioni mpapase chuchu zote. Iliyo ngumu, ya moto, anayokuzuia kuigusa, hiyo imeingiwa na ugonjwa.

Kutokula jana nisingekutisha, wengi hawali siku ya kwanza, na huenda alikula makondo yote. Leo ale. Mpelekee hukohuko alipolala, hatawaacha watoto afuate sahani. Mchuzi wa vichwa vya migebuka ukiwa vuguvugu utamwamsha, toa miiba kwanza. Baada ya hapo ugali wa dona na dagaa waliochemshwa, wasiotiwa chumvi, uwaoshe mchanga vizuri (wewe unajua mchanga wa dagaa kuliko mimi), na kijiko cha mawese juu. Milo mitatu au minne kwa siku. Watoto wakifika wiki ya tatu atakuwa anakula mara mbili hata tatu ya kawaida yake, usimbanie. Maji yasikauke.

Siafu ndio hatari kuliko yote uliyoandika. Hawa watoto hawaoni, hawasikii, hawakimbii. Ahame leo, si kesho. Mweke ndani, stoo au jikoni, kwenye boksi lenye kingo fupi anazoweza kuvuka yeye lakini si wao. Choma au fukia matambara yote ya damu ya kuzalia. Majivu mwaga kuzunguka ukuta kwa nje. Mafuta ya taa yasikaribie boksi, mvuke wake unawadhuru. Humo ndani weka chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitenge, upande mmoja tu, ili anayeona joto limezidi asogee. Wiki ya kwanza panapaswa kuwa kama nyuzi 30. Wakirundikana na kulia ni baridi, wakitawanyika na kuhema ni joto. JIKO LA MKAA USIWAWEKEE kwenye chumba kilichofungwa, utawakuta wote wamekufa na mama yao.

Mnyamwezi wa Ipuli:

Nipo Tabora. Mzee kamaliza, naongeza moja. Wiki ya pili mpaka ya nne, watoto wakinyonya kwa nguvu, jike anaweza kuishiwa kalsiamu kwenye damu. Wangu mdogo wa kizungu ilimpata: alianza kuhangaika na kuhema mdomo wazi, jioni miguu ikakakamaa, akawa anatetemeka mwili mzima. Jirani akadhani kichaa cha mbwa, akashika rungu. Daktari alimchoma kalsiamu kwenye mshipa polepole huku anasikiliza moyo, akasimama palepale. Ukiona dalili hizo waondoe watoto kwenye chuchu na umkimbize. Hiyo sindano usijaribu mwenyewe, ikienda haraka moyo unasimama.

Mama Dagaa Kibirizi:

Asanteni sana. Tumewahamishia stoo ya magunia. Jirani yangu mmoja, ambaye hataki mbwa hata wapite mbele ya baraza lake, ndiye kaniletea boksi la sabuni! Akalisukuma kwa fimbo mpaka mlangoni, akaondoka. Chausiku kanywa mchuzi wote. Mdogo yupo kifuani, amenikojolea, na mchana kanyonya kidogo kwa kushikiliwa.

Swali la mwisho: viroboto ni wengi. Kuna dawa ya kuogeshea ng'ombe hapa ndani, niwaogeshe? Na shemeji anataka kuwakata masikio wawe wakali.

Mzee wa Mwandiga:

Akikukojolea huyo anaishi. Dawa ya ng'ombe usithubutu, mtoto wa siku mbili inamuua. Viroboto watoe kwa kitana chenye meno membamba, badilisha matandiko kila siku na kuyaanika juani, na kwa mama uliza dawa salama kwa jike anayenyonyesha. Usipuuze, viroboto wakiwa wengi wanawamaliza damu watoto.

Minyoo waipata kwa mama yao, wengine tangu tumboni. Dawa waanze wakifika wiki 2, urudie kila wiki mbili mpaka wiki ya 8, na mama apewe pamoja nao. Hiyo ni kwa ajili ya wanao pia, minyoo hiyo inaingia kwa binadamu. Chanjo ya kichaa cha mbwa wakifika miezi mitatu.

Shemeji mwambie masikio hayana uhusiano na ukali. Aanze na yake.

Kijana wa Ujiji:

Mama, nami nimeomba jike mmoja. Nije lini?

Mama Dagaa Kibirizi:

Wiki nane, si pungufu. Na uje na hela ya chanjo.