Uso mpya wa kaunta ya jikoni: granaiti, kwatzi, marumaru au laminati?

Mkarabati:

Ndugu zangu, salamu. Ninakarabati jiko na nimefika mahali pa kuchagua kitakachowekwa juu ya makabati. Makabati yenyewe ni mazima na ningependa yabaki. Kilichochakaa ni uso wa kaunta, ambao ni laminati iliyobandikwa juu ya chipubodi (ubao wa chembe za mbao zilizogandamizwa kwa gundi), na ambao umevimba kuzunguka sinki hadi ukingo wake umeanza kufumuka. Wengi wamenishauri niweke granaiti. Muuzaji mmoja ameniambia kwamba jiwe la kutengenezwa la kwatzi halihitaji matunzo yoyote, na nyumbani yupo anayelitaka jiwe la marumaru nyeupe kwa uzuri wake. Tunapika kila siku, ndimu na siki hazikauki jikoni, na sufuria hutuliwa popote penye nafasi. Naomba nieleweshwe kila kimoja huharibika kwa namna gani na kwa sababu gani, kwa maana sifa zake nimekwisha kuzisikia dukani.

Fundi Mawe:

Umeuliza panapostahili, kwa kuwa hakuna uso usioharibika, na anayekwambia upo anafanya biashara.

Nianze na marumaru kwa sababu jibu lake ni fupi. Marumaru ni kalsiamu kaboneti, na tindikali huila. Tone la ndimu likikaa hata dakika chache juu ya uso uliong'arishwa huacha alama iliyofifia ambayo huioni ukiwa umesimama mbele yake, ila ukiinama na kuutazama uso kwa upande, mwanga wa dirisha huianika. Hilo si doa la kusuguliwa likatoka. Ni jiwe lenyewe lililolika, na dawa ya kuziba vinyweleo haizuii jambo hilo, kwani kazi yake ni kuzuia vimiminika visizame ndani. Zaidi ya hayo, kwa kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachoanzia 1 hadi 10, marumaru hufikia 3 hivi, hivyo kisu huikwaruza bila shida. Kwa jiko mlivyolieleza, mimi nisingeiweka.

Granaiti ni habari nyingine. Sehemu kubwa yake ni madini ya kwatzi na feldspa, ugumu wake ni kati ya 6 na 7, ndimu haiisumbui, na sufuria ya moto huivumilia vizuri. Udhaifu wake ni vinyweleo: mafuta yakiachwa yazame, pana mawe yatakayobaki na kivuli cheusi. Kabla ya kununua, omba kipande kilichokatwa kutoka bamba lile lile utakalochukua, ukifanyie majaribio mwenyewe. Mwagia maji kidogo, ngoja robo saa, uyafute. Pakibaki peusi, jiwe hilo linakunywa na litahitaji dawa ya kuziba mara kwa mara. Kisha dondoshea ndimu na uiache usiku kucha, kwa sababu baadhi ya mawe yauzwayo kwa jina la granaiti yana kalsaiti ndani yake, yaani madini yale yale ya marumaru, nayo yatajitambulisha kwa alama ile ile ya marumaru. Kama ni jiwe jeusi, lifute kwa kitambaa cheupe chenye asetoni: kitambaa kikigeuka cheusi, ujue limepakwa rangi. Muuzaji anayekataa kukupa kipande amekwisha kukujibu.

Kuhusu jiwe la kutengenezwa, takribani asilimia 90 ya uzito wake ni kwatzi iliyosagwa, na kinachobaki ni resini, yaani gundi ya aina ya plastiki, na rangi. Resini hiyo ndiyo inayolifanya lisinywe maji wala mafuta, kwa hiyo muuzaji wako hakudanganya kuhusu madoa. Lakini resini hiyo hiyo haipendi moto. Watengenezaji wengi huonya kuhusu joto la kuanzia nyuzi 150 za Selsiasi, ilhali kikaango kinachoondolewa jikoni huweza kupita nyuzi 200. Likiungua huacha duara la manjano au jeupe, au hata hupasuka, na hakuna msasa utakaolirudisha katika hali yake. Jua kali nalo hulibadilisha rangi, hivyo kaunta za nje ya nyumba haziwekewi. Familia yenye mazoea ya kutua sufuria popote itabidi ibadilishe mazoea kwanza.

Seremala:

Namuunga mkono Fundi Mawe kuhusu mawe, lakini laminati imehukumiwa kabla ya kusikilizwa. Uso wake ni karatasi zilizoloweshwa resini na kugandamizwa kwa joto, na maji hayapiti hapo. Yalipita kwenye ukingo wa tundu la sinki, ambapo chipubodi ilikatwa kwa msumeno na, kwa jinsi ulivyoeleza uvimbe wenyewe, huenda iliachwa wazi. Ukingo huo ukipakwa epoksi au vanishi mara mbili kabla ya sinki kushushwa, kisha mdomo wa sinki ukalazwa juu ya silikoni, kaunta ya laminati hudumu miaka mingi. Haivumilii sufuria ya moto wala kisu, hilo sikatai, ila ni nafuu kuliko mawe na ni nyepesi.

Wepesi huo si jambo dogo kwako wewe unayetaka kubakiza makabati. Granaiti yenye unene wa sentimita 3 ina uzito wa kilo 80 hivi kwa mita moja ya mraba. Kabati zima hubeba mzigo huo, lakini lile lililo chini ya sinki mara nyingi halina ubao wa nyuma na limekwisha kulowa. Lichunguze kwa bisibisi: ikizama kwa urahisi kwenye ubao ulio karibu na sakafu, libadilishe kwanza. Pima pia usawa wa makabati yote kwa pimamaji, kwani jiwe halipindi kufuata kabati lililozama upande mmoja. Hukaa kimya kwa muda, kisha hupasuka.

Mbao ngumu nazipenda, ila si kando ya sinki, na zifungwe kwa skrubu zilizopita katika matundu marefu ili ubao upate nafasi ya kutanuka na kunywea kukatiza nyuzi zake.

Msomaji wa Afya:

Naongeza jambo ambalo wanunuzi hawaulizi. Vumbi la jiwe la kutengenezwa lina silika nyingi, ambayo ndiyo kwatzi yenyewe, na anayelivuta kwa muda akiwa kazini huweza kupata silikosisi, ugonjwa wa mapafu usio na tiba ya kuuondoa. Australia ilipiga marufuku kulitengeneza, kuliuza na kulifunga kuanzia tarehe 1 Julai 2024 kwa sababu hiyo. Likishafungwa halimdhuru mpishi. Anayeumia ni mkataji. Granaiti nayo ina silika, ingawa kwa kawaida kwa kiwango kidogo zaidi. Jiwe lolote utakalochagua, likatwe karakana kwa msumeno wenye maji, na usiruhusu tundu la bomba litobolewe kwa kukavu ndani ya nyumba.

Mkarabati:

Nawashukuru sana. Nimeelekea kwenye granaiti, kwa sharti kwamba sampuli ipite majaribio ya maji na ndimu, na kabati la sinki nitalibadilisha. Swali moja limebaki: kaunta yangu ina umbo la herufi L na bamba moja halitatosha. Fundi anapendekeza kiungo kiwe katikati ya sinki ili kisionekane sana. Je, ni sawa?

Fundi Mawe:

Kuna mafundi wanaofanya hivyo, lakini mimi singekubali. Mbele na nyuma ya sinki hubaki vipande vyembamba vya jiwe, na hapo ndipo bamba lilipo dhaifu kuliko popote. Kuweka kiungo hapo ni kuyapa maji mlango mahali yanapomwagika kila siku. Kiungo kikae mbali na tundu la sinki, na chini yake kuwe na ukuta wa kabati wa kukibeba. Pembe za ndani za tundu zikatwe kwa mviringo, kwa sababu ufa hupenda kuanzia kwenye pembe kali, na bamba libebwe likiwa limesimama kwa ukingo, lisilazwe hadi lifike juu ya kabati. Vipimo vya mwisho vichukuliwe baada ya makabati kufungwa na kusawazishwa, sinki lenyewe likiwepo mbele ya fundi, si picha yake kwenye simu.