Paga na Sirigu kule kaskazini mwa Ghana: inafaa kupanda mpaka huko au niishie Cape Coast tu?

Baba_Neema:
Wakuu habari za muda huu. Mwezi wa 12 nitakuwa Accra kikazi, na kazi ikiisha nimejipa muda wa kutembea, binti yangu wa darasa la saba atakuwa likizo kwa hiyo naye anakuja. Nishapanga Cape Coast na Elmina tuone zile ngome za watumwa, halafu Kakum tukapite kwenye yale madaraja ya kamba yanayoning'inia juu ya miti. Sasa kuna mwenzangu Mghana ameniambia nisiishie pwani, nipande mpaka juu kabisa mpakani na Burkina Faso, kuna wilaya inaitwa Kassena-Nankana West makao makuu yake ni mji wa Paga. Anasema kuna mamba wanaishi na watu bila shida, na vijiji ambavyo kina mama wanachora nyumba nzima nje mpaka ukuta wa uani. Nikiangalia ramani naona ni mbali kwelikweli. Je, kuna mtu ameshafika? Safari ile ina thamani au ni sehemu ya kupiga picha moja na mamba ukaondoka? Na kwa mtoto vipi, si hatari? Naombeni uzoefu wenu.

Mkaazi_wa_Juu:
Mkuu nenda, tena usiende kwa kukimbia. Nimeishi Navrongo kikazi, ni mji wa jirani na Paga, mwendo mfupi tu wa gari, na wageni niliowaona wakirudi wamenuna ni wale waliofika saa nne asubuhi wakashika mkia wa mamba wakapanda gari saa tano. Huko hakuna kitu cha kukuvutia macho ukiwa una haraka. Ukitulia ndo unaanza kuona.

Mamba wenyewe wako kwenye mabwawa mawili, moja linaitwa bwawa la chifu liko karibu kabisa na barabara kuu iendayo mpakani, na lingine Zenga. Asili yake inasimuliwa hivi, kwamba mwindaji aliyekuja kuwa babu wa watu wa Paga alikuwa anakimbizwa na maadui akafika ukingoni mwa mto hana pa kutokea, akamwambia mamba ukinivusha mimi na uzao wangu hatutamgusa mamba milele. Mamba akamvusha. Tangu hapo hakuna mtu wa Paga anayeua mamba wala kula nyama yake, na wanaamini kila roho ya mtu wa ukoo ina mamba wake mle bwawani, mamba akifa ujue kuna mtu naye ameondoka au yuko njiani. Usichukulie kama hadithi ya kuwauzia watalii. Mzee mmoja nilikaa naye jioni pale ukingoni, mamba ametoka majini amelala kama hatua sita kutoka tulipo, wanawake wanafua nguo upande wa pili na ng'ombe wanakunywa maji, na yule mzee anazungumza kwa sauti ya chini kabisa kama mtu aliye mbele ya mkwewe. Wale mamba kwake ni watu wa nyumbani.

Halafu kitu kingine, mamba wa pale si jamaa wa hawa wetu wa Rufiji au Mara. Mwaka 2011 watafiti walithibitisha kwa vinasaba kwamba mamba wa Afrika Magharibi ni aina tofauti na mamba wa Mto Nile, kwa kawaida ni mdogo na ni mpole kidogo. Mpole lakini ni mamba mkuu, mtoto asisogee bila yule mtunza bwawa. Utaratibu ni kwamba mtunza anamwita mamba, anatoka, wewe unapita nyuma unachuchumaa unashika mkia, yeye amesimama upande wa kichwa na kijiti chake. Ukifuata hivyo binti yako atarudi na stori ya kuwasimulia wajukuu.

Sakina_T:
Mimi nilienda lakini kitu kimoja kilinisumbua nikiseme wazi. Mamba anaitwa kwa kuku hai. Unanunua kuku palepale, mtunza anampungia mamba, na mwisho wa picha kuku anatupwa mdomoni. Kama una mtoto mwambie kabla, wa kwangu alilia. Na unaweza kukataa, sisi tulilipa kiingilio tukasema hatutaki kuku, tukakaa kwa mbali tukawaangalia tu wakiota jua, hakuna aliyetununia. Kwa maoni yangu hata ni vizuri zaidi, maana mamba anayelishwa siku nzima kwa ajili ya picha anazoea kwamba akiona binadamu basi chakula kinakuja.

Mkaazi_wa_Juu:
@Sakina_T hapo uko sahihi kabisa dada, na wazee wengine wa pale nao wanalalamika kwamba vijana wamegeuza jambo la heshima kuwa biashara ya picha. Ila tukumbuke pia kile kiingilio ndo kinalipa watunzaji, mwezi wa tatu wa nne kiangazi kikikaza bwawa linapungua sana na kulitunza kunataka hela. Kwa hiyo lipeni kiingilio, kuku ni hiari yenu. Na ulizieni bei zote kabla hamjaanza, za kiingilio na za mwongozaji, mjue mapema.

Kitivo_cha_Historia:
Naona watu wanaongelea mamba tu, naomba niongee kuhusu Pikworo maana mleta mada amesema anaenda Cape Coast na Elmina kwa ajili ya historia ya utumwa. Ndugu yangu, ngome za pwani ni mwisho wa njia. Mwanzo wa njia uko huku. Pikworo iko Paga Nania, kilomita chache kutoka mjini, ni uwanda wenye miamba mikubwa ambako mateka waliokamatwa maeneo haya walikuwa wanakusanywa kabla ya kuswagwa kwa miguu kwenda soko la Salaga, huko wanauzwa, wengine wanaendelea kusini kupitia Assin Manso ambako walioshwa mtoni kwa mara ya mwisho, kisha ndo zile ngome unazotaka kuziona. Elmina ilijengwa na Wareno mwaka 1482. Binti yako akianzia juu akashuka ataielewa ile njia kwa miguu yake kuliko kitabu chochote.

Pale Pikworo hakuna jengo, hakuna jumba la makumbusho la vioo. Kuna mawe. Mwongozaji atakuonyesha mwamba wenye mashimo ya duara yamechimbwa kwenye jiwe, kila shimo kama bakuli, ndimo mateka walimowekewa chakula, watu kadhaa kwenye shimo moja. Ukipitisha kidole ndani unakuta jiwe limelainika. Kuna jiwe la adhabu, mtu aliyejaribu kutoroka alifungwa pale juani. Kuna mwamba wa juu wa walinzi. Na kuna mwamba ambao ukigongwa na mawe madogo unatoa sauti kama ngoma, walikuwa wanalazimishwa kupiga na kuimba, na siku hizi vijana wa kijiji wanakupigia. Mimi nilitamani nisikie na pia nilitamani wanyamaze, sijui nieleze vipi.

Watu wengi hudhani biashara hii iliisha Waingereza walipoipiga marufuku mwaka 1807. Huku kaskazini uvamizi uliendelea karibu karne nzima baada ya hapo, Babatu na wapanda farasi wake wa Kizabarima walikuwa bado wanachoma vijiji miaka ya 1880 na 1890. Ndiyo maana unakuta nyumba za Wakassena, wenyeji wa Paga, zimejengwa vile zilivyojengwa. Ukiwa pale omba uingizwe kwenye nyumba ya zamani, ile yenye umbo kama la namba nane. Mlango ni mdogo kiasi kwamba unaingia umeinama kabisa, na ukishapitisha kichwa unakuta kijiukuta kifupi mbele yako inabidi ukiruke, sasa adui aliyeinama vile na hajazoea giza la ndani aliyeko ndani anammaliza kirahisi. Paa ni la bapa, unapanda kwa gogo lenye panda lililochongwa vidato, juu wanaanika nafaka na wakati wa joto wanalala hukohuko. Usanifu mzima wa nyumba umetokana na hofu na akili kwa pamoja.

Mama_Udongo:
Nimechelewa lakini siwezi kupita bila kusema kuhusu Sirigu jamani!! Mimi ni mfinyanzi kwa hiyo nilienda kwa ajili hiyo tu na mamba nikawaona mwishoni.

Sirigu iko wilaya hiyohiyo, watu wake ni Wanankana. Wanaume wanajenga, wanawake wanakandika na kuchora, hiyo kazi ya nakshi ni ya kina mama na mabinti wanarithi kwa kushika kazi pamoja nao. Wanasubiri mvua ziishe na mavuno yaingie, kwa hiyo ukifika mwezi wa 12 mwenzangu una bahati, ndio msimu wao. Ukuta unakandikwa upya kwa udongo uliochanganywa na kinyesi cha ng'ombe, halafu rangi ni tatu tu, nyekundu ya udongo, nyeusi na nyeupe ya mawe ya kusaga. Wanachonga mistari kwenye ukuta ungali mbichi, wanajaza rangi, kisha kina mama wanakaa mstari wanasugua ukuta kwa kokoto laini za mtoni, wanasugua wanaimba wanasugua, mpaka ukuta unang'aa. Mwisho wananyunyizia maji ya maganda ya dawadawa, mti wa huko, yaliyochemshwa, yanakauka kama vanishi na yanazuia mvua isikokote rangi. Nilipewa kokoto nami nikasugua kipande kidogo, mkono uliniuma mpaka kesho yake na bibi aliyekuwa pembeni yangu, mkubwa kuliko mama yangu, alikuwa anaendelea tu.

Michoro ina maana zake: chatu ambaye ni mlinzi wa nyumba, ng'ombe kwa sababu ndio mali, vipande vya kibuyu, nyavu zinazofunika vibuyu vya mwanamke, mamba pia. Kuna chama cha wanawake wanakiita SWOPA kimeanza mwaka 1997, wakati huo watu walikuwa wanaacha udongo wanahamia tofali za saruji na bati na ujuzi ulikuwa unaondoka na wazee. Sasa wana duka la vyungu na vikapu na turubai zilizochorwa, wanafundisha, na wana nyumba za wageni za duara zilizochorwa hivyohivyo. Laleni pale! Msilale Bolgatanga, mji mkuu wa mkoa, mkaja kwa masaa mawili. Binti afundishwe kuchora, wanafundisha wageni.

Na mkipita Navrongo ingieni kanisa kuu la Mama Yetu wa Mateso Saba. Wamisionari walifika kutoka Ouagadougou mwaka 1906 na kanisa lenyewe limejengwa kwa udongo, kuta za ndani zimepambwa na wanawake wa huku kwa mkono uleule, wanyama na nakshi za ukutani kama za nyumbani kwao. Mimi si Mkatoliki lakini nilikaa humo muda mrefu sana.

Baba_Neema:
Aisee nawashukuru sana wakuu, hamjui tu mmenisaidia kiasi gani. Nimeshaamua tunaenda na tutaanzia juu kushuka chini kama @Kitivo_cha_Historia alivyosema. @Mama_Udongo nimemsomea binti ile sehemu ya kokoto ameanza kuchora chatu kwenye daftari la hesabu. Maswali mawili ya mwisho. Moja usafiri, mbili usalama, maana naona ni mpakani na habari za Burkina si nzuri. Nilitamani kuvuka kwenda Tiébélé, nasikia nyumba za kule ni hizohizo.

Mkaazi_wa_Juu:
Tiébélé acha kabisa safari hii. Ni kweli ni Wakassena haohao, mpaka umechorwa katikati ya ukoo mmoja, na boma la kifalme la Tiébélé limeingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2024, lakini hali ya Burkina kwa sasa si ya kupeleka mtoto. Upande wa Ghana Paga kwenyewe maisha yanaendelea, ila kabla ya kuondoka Accra ulizia hali ilivyo wiki hiyo, kwa ubalozi wako na kwa wenyeji pia, na Bawku iliyoko mashariki ya huko usiende, ina mgogoro wa muda mrefu. Usitembee usiku barabarani.

Usafiri, basi la Accra mpaka Bolgatanga linachukua kutwa nzima au usiku kucha, na mtoto nakushauri pandeni ndege mpaka Tamale, kama saa moja hivi, kisha gari kwenda Bolga kama kilomita 160, halafu Navrongo na Paga kwa trotro zao, yaani daladala zao. Kwenda Sirigu kodisheni gari ya siku nzima maana za abiria ni za kusubiri. Bolga ina soko kila baada ya siku tatu, ulizia siku yake, vikapu vyenye vishikio vya ngozi vinatoka hapo.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano bila hiyo hamuingii nchini. Ongeeni na daktari kuhusu chanjo ya homa ya uti wa mgongo pia, kaskazini kiangazi ndo msimu wake, na dawa za malaria. Mwezi wa 12 upepo wa harmattan unavuma, vumbi tupu, mchana jua kali na asubuhi baridi ya kushtukiza, bebeni sweta na mafuta ya mdomo.

Kitivo_cha_Historia:
Naongeza moja. Mwezi huohuo wa 12 kule Sandema kwa Wabuilsa, si mbali na Navrongo, kuna sherehe ya Feok, wanakumbuka mababu zao walivyompiga Babatu. Wanaume wanatoka na kofia za pembe, pinde na mashoka, wanacheza ngoma ya vita uwanja mzima unatikisika. Tarehe inabadilikabadilika, mwambie mwenzako Mghana akuulizie mapema. Ukiipata, iweke siku moja baada ya Pikworo.

Sakina_T:
Na nyumbani kwa chifu au mzee yeyote msiingie mikono mitupu, wenyeji watakwambia mbebe nini, mara nyingi mbegu za kola za kutafuna. Picha ombeni ruhusa kwanza, hasa kwenye vichuguu vidogo vya udongo mbele ya mlango, vile ni vya matambiko ya mababu, binti asikae juu yake akidhani ni kiti.