Naomba ushauri: wanafunzi hawatazami video kabla ya kipindi cha fizikia

Ndugu walimu wenzangu, salaam. Nafundisha kani na mwendo mwaka wa kwanza chuo kikuu, kwa njia aliyoianzisha Eric Mazur pale Harvard mwaka 1991: wanafunzi hupigia kura swali la dhana, hujadiliana na jirani, kisha hupiga kura tena. Maandalizi yao ni video fupi, ila wengi huja bila kuitazama, na mjadala kuhusu kani zilizopo mpira uliorushwa juu unapofika kileleni hugeuka kubahatisha. Nimefupisha video na kuongeza jaribio la alama, lakini majibu hunakiliwa, jambo linaloudhi kuliko utoro. Je, maswali yawekwe ndani ya video yenyewe? Na wasiojiandaa wakiwa wengi, niendelee na kura au nirudi ubaoni?