Mnyoo mweupe tumboni mwa dagaa wa Ziwa Viktoria

Mchuuzi wa Mwanza:
Ndugu wajuzi, ninapochambua dagaa wabichi huwakuta baadhi yao wamefura tumbo, na nikimpasua mmoja hutoka mnyoo mweupe, bapa kama utepe, wakati mwingine mrefu kuliko samaki mwenyewe. Mayai ya samaki hamna kabisa. Anaingiaje, na je, mlaji anaweza kuambukizwa?

Mvuvi Mkongwe:
Nijuavyo mimi, mnyoo huyo ni tegu, naye hutokana na kinyesi cha watu kinachotiririkia ziwani. Dawa ni vyoo bora mialoni.

Msomi wa Kisumu:
Mzee wangu, vyoo ni muhimu kwa sababu ya kipindupindu na kichocho, lakini tegu huyu, Ligula intestinalis, hamhitaji binadamu. Mayai yake huingia majini pamoja na kinyesi cha ndege walao samaki, kama vile mnandi, kisha huanguliwa kiluwiluwi chenye vinyweleo, ambacho huogelea mpaka kimezwe na kopepodi, mnyama mdogo sana wa jamii ya kamba ambaye ni chakula kikuu cha dagaa, au omena kama tunavyomwita huku. Dagaa akimla kopepodi huyo, kiluwiluwi hutoboa utumbo wake na kuhamia katika uwazi wa tumbo, na hapo ndipo kinapokua. Hakina mdomo, hufyonza chakula kwa ngozi yake yote.

Mayai ya samaki hukosekana si kwa sababu ya kubanwa na tegu tu. Tegu huvuruga homoni za uzazi zinazoongozwa na tezi iliyo chini ya ubongo, kwa hiyo samaki hubaki tasa. Tena huelekea kuogelea karibu na uso wa maji, ambako ndege humdaka kwa urahisi. Joto la mwili wa ndege humkomaza tegu upesi, akataga kwa siku chache tu, akafa. Ukuaji karibu wote alikwisha kuumaliza kwa gharama ya dagaa.

Mchuuzi wa Mwanza:
Kwa hiyo wateja niwaambie nini?

Msomi wa Kisumu:
Waambie kwamba dagaa aliyepikwa vizuri hana hatari ya tegu huyu. Yule anayewapata watu kwa kula samaki mbichi, Diphyllobothrium, ni tegu mwingine. Wanaopaswa kuwa na wasiwasi ni wasimamizi wa uvuvi, kwa maana dagaa tasa hupimwa kwenye ndoo sawa na wengine ilhali hatazaa, na ziwa lote haliwezi kutiwa dawa wala mnandi kuzuiwa wasivue.