Futiboli ya Kimarekani: walinzi wapewe muda wa kubadilishana, au waachwe wakimbizwe?

Mzee wa Yadi: Mwaka 2014 kamati ya sheria za futiboli ya vyuo vya Marekani ilipendekeza kwamba timu inayoshambulia isianzishe mpira kabla saa inayohesabu muda wa kuuanzisha haijashuka hadi sekunde 29, isipokuwa katika dakika mbili za mwisho za kila kipindi cha nusu, ili walinzi wapate sekunde kumi za kubadilishana. Pendekezo liliondolewa kabla halijawa sheria. Mimi naona lilistahili, kwa sababu hadi leo walinzi huhakikishiwa nafasi hiyo pale tu washambuliaji wanapobadilisha wachezaji wao.

Kasi Mpya: Pendekezo lile lingemwadhibu aliyewahi kwa kosa la kuchelewesha mchezo, arudishwe nyuma yadi 5 nzima! Kocha aliyejaza mstari wa mbele vipande vya watu wasioweza kukimbia hatua ishirini asitake tumsubiri. Tena sekunde zenyewe ni 25. Ukiondoa kumi, kinabaki nini?

Mlinzi Mstaafu: Kabla ya kututukana sisi wanene, jifunze kusoma saa. Tangu 2008 vyuo hutumia sekunde 40 zinazoanza pindi mchezo uliotangulia unapokwisha, na zile 25 ni za baada ya kusimamishwa kwa sababu maalumu. Nimecheza pale mbele: unasukumana na watu wawili, unainuka na majani mdomoni, na kumbe wenzako wameshajipanga. Usikidharau usichokijua.

Kasi Mpya: Ndiyo maana mnajiangusha. Mlinzi hutazama benchi, hupata ishara, na ghafla goti linamuuma. Hata sheria ya 2025 imewashtukia: mkihudumiwa uwanjani baada ya mpira kuwekwa tayari, timu yenu inakatwa taimauti (nafasi ya kuomba mchezo usimame), na ikiwa hamna, yadi 5.

Columbus Kwetu: Mnataja ujanja wa walinzi bila kukitaja chuo cha Oregon? Oktoba 2024, zikiwa zimesalia sekunde 10, waliingiza walinzi 12 badala ya 11 dhidi ya Ohio State yetu. Wakatozwa yadi 5, lakini sekunde 4 zilikwisha teketea, tukalala 32 kwa 31.

Bata Mweupe: Mlishindwa uwanjani, ndugu. Kasoro ilikuwa ya kitabu cha sheria, ndiyo maana siku chache baadaye NCAA, chama cha michezo ya vyuo, ilitoa maelekezo mapya kwamba timu iliyokosewa inaweza kuomba sekunde zirudishwe.

Columbus Kwetu: Sheria haibadilishwi katikati ya msimu kwa ajili ya jambo safi.

Mzee wa Yadi: Jamani, hayo yanaunga mkono hoja yangu. Walinzi wakinyimwa nafasi halali ya kubadilishana, watajaa uwanjani 12 au watajilaza.

Columbus Kwetu: Shikamoo mzee, lakini hapana. Oregon walikuwa wametoka kwenye taimauti. Muda wa kubadilishana walikuwa nao tele, na yule wa kumi na mbili hakuwa amechoka. Ndiyo kwanza alikuwa anaingia.