Mama anatokwa machozi jicho moja tangu miaka miwili: je, akubali kupasuliwa?

Binti wa Katindo, Goma
Ndugu zangu, ninawasalimu. Mama yangu ana umri wa miaka 58, na jicho lake la kulia hutiririka machozi hata akiwa ndani ya nyumba, pasipo upepo wala moshi wa makaa. Hapa Goma kila jicho bovu husingiziwa vumbi la volkeno, kwa hiyo katika zahanati ya kwanza tulipewa matone, yakaisha, tukapewa mengine. Tangu Pasaka ameota uvimbe kwenye kona ya jicho, upande wa pua, na akiubonyeza hutoka usaha. Juma lililopita daktari wa macho alipitisha maji kwa sindano butu katika kitundu cha kope la chini. Maji yakarudi juu badala ya kushuka kooni, naye akasema njia imeziba na itabidi mfupa utobolewe. Mama aliposikia neno "mfupa" alichukua mkoba wake akatoka. Je, ni kweli? Na jicho haliwezi kupofuka?

Mzee wa Nguba, Bukavu
Binti yangu, mimi nilipasuliwa jicho la kushoto, na ni kweli kwamba mfupa hutobolewa. Nilidungwa sindano ya ganzi tu, sikulazwa usingizi, kwa hiyo niliusikia mfupa ukimeguliwa kidogo kidogo, kama mtu anayetafuna mahindi makavu karibu na sikio langu, lakini maumivu hayakuwepo. Kazi ilichukua kama saa moja. Kilichonisumbua zaidi ni siku zilizofuata: ladha ya damu kooni, uso uliovimba, na katazo la kupenga kamasi kwa majuma mawili, ambalo kwa mtu mwenye mafua ni adhabu. Nyuzi zilitolewa baada ya juma moja, na kovu leo huwezi kuliona mpaka nikuonyeshe.

Muuguzi wa macho, Bukavu
Ningependa kuongeza maelezo, kwa sababu wagonjwa wengi hudhani kwamba jicho linalolia linatengeneza machozi mengi mno, ilhali katika hali kama ya mama huyu machozi ni ya kawaida, ila yamekosa pa kutokea. Machozi huingia katika vitundu viwili vya kope, hufika kwenye kifuko kilicho kando ya pua, kisha hushuka kwa mfereji mwembamba uliozungukwa na mfupa hadi ndani ya pua. Mfereji huo ukiziba kwa mtu mzima, jambo linalowapata wanawake kuliko wanaume, matone yanaweza kupunguza usaha lakini hayaufungui. Daktari hauzibui mfereji wenyewe: huondoa kipande kidogo cha mfupa kati ya kifuko na pua, akaviunganisha, machozi yakapata njia ya mkato. Daktari Mwitaliano Addeo Toti aliieleza njia hii mwaka 1904, na katika mikono yenye uzoefu hufaulu kwa wagonjwa kama 90 kati ya 100. Siku hizi wengine hupasua kupitia puani, bila kuacha kovu usoni. Mara nyingi huachwa mrija laini wa silikoni kwa majuma kadhaa ili tundu lisifunge.

Mboni ya jicho haipasuliwi. Hatari iko zaidi katika kuacha kifuko kikiwa na usaha: kinaweza kuvimba ghafla kwa homa na maumivu makali, na hakuna daktari makini atakayemtoa mtoto wa jicho kabla usaha huo haujashughulikiwa. Ila uvimbe ukiwa juu ya kona ya jicho badala ya chini yake, au machozi yakichanganyika na damu, mweleze daktari mapema, maana lazima kwanza aondoe shaka ya saratani.

Mama Pacha, Lubumbashi
Samahani kwa kuingilia. Mmoja wa mapacha wangu, miezi mitano, huamka na tongotongo jicho moja tangu kuzaliwa. Naye atobolewe mfupa?

Muuguzi wa macho, Bukavu
Hapana, Mama Pacha. Kwa mtoto, kinachoziba kwa kawaida ni utando mwembamba mwishoni mwa mfereji, na kwa walio wengi hufunguka wenyewe kabla ya mwaka mmoja. Nawa mikono, weka kidole kwenye kona ya jicho, kandamiza ukishuka kando ya pua, mara kadhaa kwa siku. Baada ya mwaka, ikibidi, daktari hupitisha kijiti chembamba cha chuma. Mtoto akiogopa mwanga, au jicho likiwa jekundu, usingoje.

Binti wa Katindo, Goma
Asanteni sana. Mzee, nimemsomea mama habari ya mahindi makavu, akacheka, akasema atarudi kwa daktari. Swali moja limebaki: anakunywa aspirini kila siku kwa ajili ya moyo. Aiache?

Muuguzi wa macho, Bukavu
Asiiache kwa uamuzi wake. Pua hutoka damu nyingi katika upasuaji huu, kwa hiyo daktari wa macho lazima ajue habari ya aspirini na ya presha, lakini atakayesema isimamishwe au iendelee ni yeye pamoja na daktari wa moyo. Mpelekeni na boksi la dawa zenyewe.